Umusambi na ngome ya maji

Visiwa vya Faroe viko mbali kaskazini, katikati ya Bahari ya Atlantiki, na kabla ya binadamu kufika huko havikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha. Ndege wa baharini walipata hapo walichohitaji: samaki tele, na mahali pa kutaga pasipofikiwa na adui wa miguu minne. Panya waliopanda meli ndio walioivunja ngome hiyo ya maji katika baadhi ya visiwa.

Rwanda haina bahari, lakini maji na adui ndivyo vinavyoamua pia maisha ya umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu. Dume na jike hukanyagakanyaga matete na nyasi ndani ya kinamasi hadi wapate jukwaa dogo lililozungukwa na maji. Jike hutaga hapo mayai mawili hadi manne, kisha hupokezana na mwenzake kuatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Tofauti na korongo wengi, huyu ana kidole kirefu cha nyuma kinachomwezesha kushika tawi na kulala mtini, ila kiota chake karibu siku zote hubaki chini. Kinamasi kikikauka, mbwa na nguchiro wanakifikia kiota bila kulowa.

Rugezi, kaskazini mwa nchi, inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine popote. Kinamasi hicho hulisha ziwa Burera, na maji ya Burera huendesha kituo cha umeme cha Ntaruka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya mifereji na mashamba kukila kinamasi, kina cha ziwa kilishuka, Ntaruka ikazalisha umeme kidogo mno, na nchi ikaonja mgao mkali. Taa za Kigali na kiota cha umusambi vilitegemea maji yaleyale. Serikali ililazimika kukilinda kinamasi, nacho kikaanza kupata nafuu.

Pigo la pili, baada ya kukaushwa kwa vinamasi, lilitokana na mapenzi. Wanyarwanda humwona umusambi kuwa ndege wa heri na wa maisha marefu, kwa hiyo makinda yalichukuliwa vinamasini na kufugwa katika bustani za nyumba na hoteli, yakiwa yamekatwa manyoya ya mabawa, mengine yamevunjwa mabawa kabisa. Ndege wa namna hiyo hula, huzeeka, na kwa kawaida hazai. Mwaka 2012 spishi hii iliwekwa katika orodha ya zilizo hatarini kutoweka.

Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana aliamua kuwarudisha ndege hao porini. Shirika lake, RWCA, liliwaomba wafugaji wawasalimishe ndege bila kuogopa adhabu, likawapima afya, na walioweza kupona wakapelekwa Hifadhi ya Akagera kujifunza upya kuruka na kujitafutia chakula. Wasioweza kuruka tena wanaishi Umusambi Village, hapa Kigali, kwenye hekta 21 za ardhi oevu iliyofufuliwa. Ningependa kila mtoto wa shule wa jiji hili afike pale na kuona bawa lililovunjwa na mtu aliyedhani anampenda ndege.

Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu korongo 487 nchini kote. Kufikia 2024 walizidi 1,200. Sehemu ya ongezeko hilo huenda imetokana na macho yaliyozoea kuhesabu, lakini naamini sehemu kubwa ni ndege halisi.

Kazi ngumu iliyobaki iko pembezoni mwa kinamasi, ambako mkulima anahitaji nyasi za ng'ombe na kipande cha kulima viazi. Huko Rugezi, RWCA imeajiri wanakijiji wanaofanya doria, wanaofuatilia viota na kuzungumza na jirani zao kabla mundu haujafika kwenye matete.