Mgeni Aliyetoka Ng'ambo: Farasi katika Nchi ya Japani

Msafiri afikaye Japani siku hizi aweza kukaa mwezi mzima katika majiji yake, akipanda treni ziendazo kwa kasi ya ajabu na kuvuka njia kuu zilizosongamana motokaa, asimwone farasi hata mmoja. Lakini akiingia katika hekalu la dini ya Shinto atakuta vibao vya mti viitwavyo kwa jina la farasi, akipita njia za milimani atakuta mawe yaliyochongwa kichwa cha farasi, na akimwuliza mtu umri wake huenda akajibiwa kwamba alizaliwa mwaka wa farasi, au wa mnyama mwingine katika wale kumi na wawili wanaopokezana miaka. Farasi wa Japani ni kama mzee wa ukoo aliyekwisha fariki: kiti chake ki wazi, bali jina lake halikauki vinywani mwa watu. Nasi wa mwambao, ambao vichochoro vyetu vimekanyagwa na punda kuliko farasi, na ambao twamlalamikia punda huyo kwamba asante yake ni mateke, si vibaya tukatazama namna taifa jingine lilivyomshukuru mnyama wake, na namna lilivyompoteza.

Farasi si mwenyeji wa visiwa vile. Wachina walioandika tarikhi ya dola ya Wei katika karne ya 3 walieleza ya kuwa katika nchi ya Wa, ndivyo walivyoiita Japani ya kale, hapakuwa na ng'ombe wala farasi. Aliletwa kwa vyombo kutoka rasi ya Korea, mwishoni mwa karne ya 4 na katika karne ya 5, pamoja na watu waliojua kumfuga, kumtia lijamu na kumfulia vyuma vya tandiko. Hakuchukua muda mrefu kupanda daraja. Juu ya makaburi ya wafalme na wakuu wa zama zile, makaburi makubwa mfano wa vilima, zilipangwa sanamu za udongo wa kuchoma ziitwazo haniwa, na miongoni mwake wamo farasi waliotandikwa kikamilifu, wenye hatamu, vikuku vya kupandia na njuga, pasipo kusahauliwa ukanda hata mmoja. Na atazamaye kazi ile hukiri kwamba mfinyanzi alimchungulia mnyama wake kama mtu achunguliavyo hazina ya bwana wake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu aliwaponya waliompata na kuwaangamiza waliomkosa.

Tangu karne ya 10 nyanda za mashariki, mbali na makao ya mfalme yaliyokuwa Kyoto, zilikuza watu wa vita waliolelewa mgongoni mwa farasi, ambao ulimwengu umekuja kuwajua kwa jina la samurai. Wengi hudhani kwamba silaha yao ya asili ilikuwa upanga. Kumbe wenyewe mwenendo wao waliuita njia ya upinde na farasi, na upanga ulikuwa msaidizi tu. Vita vya koo mbili, Taira na Minamoto, vilivyoanza mwaka 1180 na kumalizika mwaka 1185, vimeacha visa vingi vya farasi, na mashuhuri kuliko vyote ni kile cha mto Uji, mwaka 1184, ambapo Sasaki Takatsuna na Kajiwara Kagesue, kila mmoja amepanda farasi aliyetunukiwa na bwana wao, walishindana kuwa wa kwanza kuvuka mbele ya adui. Yasimuliwa kwamba Sasaki, alipoona mwenzake amemtangulia, alimpigia ukelele kuwa ukanda wa tandiko lake umelegea. Na Kajiwara alipoinama kuukaza, mwenziwe akampita majini akaitwaa sifa. Majina ya farasi wale, Ikezuki na Surusumi, yamehifadhiwa sawasawa na ya mabwana waliowapanda.

Minamoto no Yoritomo, aliyeshinda vita vile na kuiweka serikali yake Kamakura, hakupenda ustadi huo uote kutu wakati wa amani, basi akautia katika ibada. Mwaka 1187 ulifanywa mchezo wa yabusame katika hekalu la Tsurugaoka Hachimangu, nao hufanywa pale hata leo kila Septemba. Mpanda farasi, amevaa nguo za kuwindia za zama zile na ngozi ya kulungu mapajani, humwachia mnyama aende mbio katika njia nyembamba iliyonyooka. Kisha huziacha hatamu kabisa, akamtawala farasi kwa magoti peke yake, na kwa mikono iliyo huru akavuta upinde mrefu na kufuma vibao vitatu vilivyosimamishwa kimoja baada ya kingine ubavuni mwa njia. Muda ulio baina ya shabaha na shabaha hautoshi hata kwa mtu kujibu salamu. Katika mchezo ule wa mwaka 1187 shujaa Kumagai Naozane aliamriwa kusimamisha shabaha badala ya kuzipiga, akakataa kata kata, akisema kwamba wapigao wamepanda farasi na wasimamishao shabaha wako chini kwa miguu, ilhali wote ni watumishi wa bwana mmoja. Na kwa ukaidi huo akanyang'anywa sehemu ya ardhi yake. Mtu yule aliona heri kupungukiwa na shamba kuliko kuonekana yu chini mbele ya wenzake walio juu.

Amani ya ukoo wa Tokugawa, iliyoanza mwaka 1603 na kudumu zaidi ya miaka 250, ilimgeuza farasi kutoka shujaa kuwa hamali. Katika njia ya Tokaido, iliyounganisha Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na Kyoto, kulikuwa na vituo 53, na kila kituo kilipaswa kuwa na watu 100 na farasi 100 tayari kwa shughuli za serikali. Farasi hao hawakupigwa viatu vya chuma, bali walivikwa makubadhi yaliyosukwa kwa mabua ya mpunga, ambayo yalichakaa upesi hata ikabidi mwongozaji achukue akiba njiani. Na Mwingereza Isabella Bird, aliyesafiri kaskazini mwaka 1878, alichoshwa mno na vituo vya kubadilisha viatu hivyo. Mnyama akifa njiani kwa uchovu au kwa kuporomoka gengeni, mwenyewe alisimamisha jiwe lenye sura ya Bato Kannon, yaani Kannon wa Wabudha, mwenye huruma, aliyevikwa kichwa cha farasi juu ya utosi wake. Mawe hayo yangaliko kwa wingi kando ya njia za zamani, yameota kuvu, na kila moja ni kaburi la hamali.

Katika nchi ya Nambu, kaskazini penye theluji nyingi, mapenzi hayo yalizidi kiasi. Wakulima walijenga nyumba ziitwazo magariya, zilizopinda kama kiwiko cha mkono, upande mmoja wakilala watu na upande wa pili farasi, wote chini ya paa moja, ili joto la meko limfikie na mnyama katika usiku wa baridi kali. Katika wilaya ya Tono husimuliwa habari ya binti aliyempenda farasi wa nyumbani hata akawa mke wake. Baba yake alipotambua akamwangika farasi katika mti wa mforsadi, naye binti akakikumbatia kichwa cha maiti na kupaa nacho mbinguni. Msomi Yanagita Kunio aliitia habari hiyo katika kitabu chake cha hadithi za Tono mwaka 1910.

Hali kadhalika farasi ni mjumbe baina ya watu na miungu. Katika hekalu la Kifune, karibu na Kyoto, ada ilikuwa kwamba mfalme akiomba mvua hupeleka farasi mweusi, rangi ya mawingu mazito, na akiomba mvua ikatike hupeleka mweupe. Lakini farasi hai ni mali ya mwenye mali. Basi polepole watu wakaanza kutoa farasi wa mti, kisha kibao kilichochorwa farasi, ambacho ndicho ema, maana yake picha ya farasi. Leo kibao hicho aghalabu hakina farasi tena, na mwanafunzi aogopaye mtihani huandika nadhiri yake nyuma yake na kukitundika pasipo kujua kwamba yuko katika daraja ya mwisho ya sadaka iliyoanza kwa mnyama mzima. Vilevile wengi wawajuao nyani watatu wa Nikko, asiyeona, asiyesikia na asiyesema, hawajui kwamba wamechongwa juu ya banda la farasi mtakatifu, kwa itikadi kwamba nyani humkinga farasi na maradhi.

Si kila itikadi iliyokuwa ya upole. Katika mzunguko wa miaka 60 hutokea mwaka mmoja wa farasi wa moto, na ilisemwa kwamba mwanamke azaliwaye mwaka huo atakuwa mkali hata amwue mumewe. Mtu angedhani dhana hiyo ilikufa zamani. Lakini mwaka 1965 walizaliwa Japani watoto takriban milioni 1.82, mwaka 1966, ndio wa farasi wa moto, wakazaliwa takriban milioni 1.36 tu, na mwaka uliofuata idadi ikapanda tena kupita ile ya kwanza. Hakukuwa na vita wala tauni. Wazazi waliogopa mwaka.

Lakini aliyemwondoa farasi wa asili si mshirikina, bali ni serikali yenye elimu. Farasi wa Kijapani alikuwa mfupi, aghalabu kimo chake hakipiti mita 1.4, na madume hayakuhasiwa. Basi majeshi ya Ulaya yalipokutana na jeshi la Japani kule Uchina mwaka 1900, yalishangazwa na farasi wadogo wakali waliokuwa wakiumana wao kwa wao. Mwaka 1901 ikapitishwa sheria ya kuhasi, na baada ya vita na Urusi ikaanza, mwaka 1906, mipango ya miaka 30 ya kuwachanganya majike wa nchi na madume wa kigeni. Farasi wa Nambu, aliyelala chini ya paa moja na bwana wake, akatoweka kabisa. Na kizazi kipya kilichopatikana kikachukuliwa vitani katika bara la Asia, na katika hao waliorudi ni wachache mno. Kisha zikaja trekta na malori, akawa hana kazi.

Sikukuu zikabaki. Jumamosi ya pili ya Juni, katika mkoa wa Iwate, hufanywa Chagu Chagu Umakko, jina lililotokana na sauti ya njuga: makumi ya farasi waliopambwa kwa vitambaa vya rangi nyingi, wamebeba watoto, hutoka hekalu la Sozen huko Takizawa na kwenda mwendo wa kilomita 14 hata Morioka, kwa kumshukuru mnyama aliyelima mashamba. Katika Soma, mkoa wa Fukushima, wapanda farasi wapatao 400 huvaa deraya za kale na kugombea bendera takatifu zinazorushwa angani kwa fataki, kisha watu waliovaa nguo nyeupe humkamata farasi kwa mikono mitupu na kumtoa kwa miungu. Mwaka 2011, baada ya gharika ya bahari na ajali ya mtambo wa nyuklia kuwatawanya wenyeji, sikukuu hiyo ilifanywa ingawa kwa uchache. Na mwaka 2024 ikahamishwa kutoka Julai hadi mwisho wa Mei, kwa kuwa joto lilikuwa likiwadhuru watu na farasi. Huko Tado, mkoa wa Mie, ambako vijana huwaparamisha farasi kilima kilichokuwa na ukuta juu yake, mwaka 2023 farasi alivunjika mguu akauawa, na lawama zilizofuata ziliwalazimisha wenyeji kuuondoa ukuta na kuulegeza mteremko. Hata shukrani yaweza kuwa mateke, nayo hupigwa na mtu.

Na farasi wa sikukuu ni nani? Wa Soma wengi wao ni farasi wa mashindano waliostaafu, damu ya Uingereza na Uarabuni. Wa Iwate ni majitu ya kukokota, wazao wa madume ya Ulaya. Aina za asili zilizosalia ni nane tu, nyingi zikiwa mafichoni mwa visiwa na rasi za mbali, kama wale wa rasi ya Toi, Miyazaki, wajitafutiao majani wenyewe karibu na bahari, wasiojua tandiko.

Yupo mmoja zaidi. Kila mwaka, roho za wahenga zinapodhaniwa kurudi nyumbani wakati wa Obon, watu hutwaa tango na kulichomeka vijiti vinne likawa farasi, ili wafu waje upesi. Na hutwaa biringani wakalifanya ng'ombe, ili warudi polepole. Mtoto wa ghorofa ya kumi katika Tokyo, ambaye hajapata kugusa farasi maishani mwake, huichomeka miguu hiyo kwa vidole vyake mwenyewe, akaliweka tango lile mezani, kichwa kikielekea ndani ya nyumba.