Usukani mzito: Tafuta chanzo kabla ya kununua spea

KWA mkulima wa Kikatiti na vijiji vya jirani, gari ni sehemu ya shamba. Pikapu au Canter ndiyo inayoteremsha ndizi, maharage na nyanya kutoka upande wa mlimani hadi barabara kuu ya Arusha–Moshi, na kuzifikisha Tengeru, ambako siku kubwa za gulio ni Jumatano na Jumamosi. Nyanya iliyoiva haimsubiri fundi. Gari likilala gereji siku ya gulio, hasara haiishii kwenye bei ya spea, bali inagusa mzigo, vibarua waliochuma na mteja aliyekwenda kununua kwa mwingine.

Miongoni mwa matatizo yanayolaza magari haya ni usukani kuwa mzito, kupiga kelele au kuvuja mafuta. Wenye magari wengi huambiwa papo hapo kuwa pampu imekufa au reki imekwisha, nao hukimbilia kununua vifaa hivyo vya bei kubwa. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, chanzo kinaweza kuwa mkanda uliolegea, mpira uliopasuka au tairi lisilo na upepo wa kutosha. Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye vitu visivyo na gharama.

Mfumo unavyofanya kazi

Katika magari mengi ya mizigo yanayotumika vijijini, pawa stelingi hutumia msukumo wa mafuta. Injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu hunyonya mafuta kutoka kwenye kopo lake na kuyasukuma kupitia mpira wa presha hadi kwenye reki, au kwenye boksi la stelingi kwa magari kama Canter. Huko mafuta husaidia mikono ya dereva kugeuza magurudumu, kisha hurudi kwenye kopo kwa mpira wa pili.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mafuta haya hayaungui kama dizeli. Yakipungua, yamevuja mahali. Kuongeza mafuta kila wiki bila kutafuta yanakotokea si matengenezo.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, pima upepo wa matairi ya mbele yakiwa yamepoa. Tairi lenye upepo pungufu hufanya usukani uwe mzito hata kama pawa stelingi ni nzima.

Pili, egesha gari mahali pa tambarare, fungua kopo na utazame mafuta. Yawe kwenye alama. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, yamechoka. Yakiwa na povu, hewa imeingia kwenye mfumo.

Tatu, zima injini na ubonyeze mkanda kwa kidole gumba. Ukibonyea sana, umelegea. Ukiwa na nyufa au unang'aa upande wa ndani, umekwisha.

Nne, tafuta uvujaji. Vumbi la kwetu hunata penye mafuta, hivyo sehemu yenye tope jeusi huonyesha njia. Ifute vizuri, tandika boksi safi chini ya gari usiku, na asubuhi uangalie tone limeangukia wapi. Kagua maungio ya mipira, sili ya pampu, na mipira ya kuzuia vumbi kwenye ncha za reki. Mpira huo ukijaa mafuta, sili za ndani ya reki zimeachia.

Tano, piga jeki magurudumu yote mawili ya mbele, weka vigingi imara, zima injini lakini acha ufunguo usifunge usukani, kisha uzungushe. Ukiwa bado mgumu au unakwama, tatizo si mafuta wala pampu. Angalia boljointi zilizokauka au maungio ya mhimili wa usukani. Papo hapo shika tairi kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tairodi au reki imelegea, na gari hilo lisiingie barabarani.

Kila dalili na chanzo chake

Usukani mzito gari likiwa sailensa, lakini mwepesi ukikanyaga mafuta, huashiria mkanda uliolegea au pampu iliyochoka. Mlio mkali mfupi wakati wa kukata kona ni mkanda unaoteleza. Mngurumo unaozidi kadiri unavyozungusha usukani ni mafuta pungufu au hewa. Usukani ukiwa mzito upande mmoja tu, vali ya ndani ya reki au boksi ina hitilafu, na hapo ndipo gharama kubwa huanzia.

Matengenezo yenyewe

Mpira wa presha ukipasuka, usiufunge kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Msukumo uliomo unaweza kuzidi ule wa tairi la pikapu zaidi ya mara 20, na mafuta yakirukia bomba la moshi lenye moto huweza kuwasha gari. Nunua mpira wa aina yake, au upeleke kwa wanaobana mipira ya presha ya matrekta.

Soma mfuniko wa kopo au kitabu cha gari kabla ya kuongeza mafuta. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF ya aina ya Dexron. Usitumie mafuta ya breki, kwani huharibu sili na kugeuza tatizo dogo kuwa la mfumo mzima.

Baada ya kubadili kifaa, toa hewa. Magurudumu ya mbele yakiwa juu na injini imezimwa, jaza kopo na uzungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa, huku ukiongeza mafuta. Washa injini, rudia hadi mapovu yaishe. Usiushikilie usukani mwisho wa kona kwa zaidi ya sekunde chache, kwani pampu huchemka.

Baadhi ya magari madogo, kama Toyota Passo, hutumia mota ya umeme na hayana mafuta wala mkanda wa stelingi. Taa ya onyo ikiwaka, anzia kwenye fyuzi, betri na chaja kabla ya kukubali kubadilishiwa mota.

Hesabu ya mwenye gari

Tuchukue namba za mfano, nawe uweke za kwako. Mpira wa presha ni Sh 60,000. Lita moja ya mafuta ni Sh 15,000, na gari linavujisha lita moja kwa wiki. Kwa wiki nne umetumia Sh 60,000, yaani bei ya mpira, na bado linavuja. Sasa reki ya mtumba iwe Sh 350,000 na ufundi Sh 50,000. Ukiinunua wakati chanzo ni mpira, utatumia Sh 400,000, kisha utarudi kununua mpira uleule.

Pale reki inapohitajika kweli, kagua mhimili wake usiwe na kutu, mipira yake isiwe na mafuta ndani, andikishana na muuzaji kuhusu kuirudisha, na udai risiti.

Usizime gari mteremkoni

Kuna madereva wanaozima injini wakiteremka, mathalani kutoka Sakila, ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, pampu ya stelingi husimama na msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Ufunguo ukichomolewa, usukani unaweza kujifunga kabisa. Hakuna akiba ya dizeli inayolingana na hatari hiyo. Pampu ikifa safarini, usukani bado hufanya kazi ila kwa uzito. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, uegeshe pembeni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha barabarani gari bovu linalohatarisha watu. Kagua mkanda, kopo na sakafu chini ya gari Jumanne na Ijumaa jioni, kabla ya kupakia mzigo. Kazi hiyo haizidi dakika kumi, na kama kuna kasoro, bado unao muda wa kumwita fundi au kukodi gari la jirani.