Mama Anasahau: Nimpe Homoni?

Jumapili moja nilimkuta mama pale Chanika akizunguka nyumba nzima kutafuta funguo alizozishika mkononi. Tukacheka. Kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, ndiyo nachanganyikiwa?" Kicheko kikaniishia.

Shoga yangu akadai vidonge vya homoni vinarudisha akili ya ujana. Nusura nikimbilie duka la dawa!

Mpenzi msomaji, ni kweli hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka sana, na ubongo huihitaji. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake wa miaka 65 na zaidi waliomeza estrojeni pamoja na projestini walipata maradhi ya kupoteza kumbukumbu mara mbili ya wenzao. Utafiti wa mwaka 2015, kwa wanawake ambao hedhi yao ilikoma karibuni, haukuona madhara wala faida kwa kumbukumbu. Homoni hutuliza joto la mwili linalokatisha usingizi; si dawa ya usahaulifu.

Mama ana miaka 67. Tulimwona daktari: presha ilikuwa juu, nayo huumiza ubongo. Sasa anatibiwa.

Na funguo? Tumepiga msumari mlangoni, zinaning'inia hapo.