Choo Baada ya Mvua

Shimo la choo katika vijiji vya Arua na Koboko, Uganda, lina maadui wawili, udongo na mchwa. Penye mchanga kuta huporomoka mvua zikizidi. Penye mwamba sururu hugonga jiwe kabla mchimbaji hajazama kifuani. Magogo yanayobeba sakafu huliwa na mchwa kwa ndani, na mama mwenye mtoto mgongoni hajui mpaka gogo lilie chini ya miguu yake.

Njia ya usafi iliyoenea zaidi huanzia kwingine kabisa. Kati ya 1999 na 2000, katika kijiji cha Mosmoil nchini Bangladesh, Kamal Kar kutoka India aliwaomba wanakijiji waende pamoja mpaka mahali wanapojisaidia, wachore ramani ya kijiji chao ardhini, kisha wafuate wenyewe safari ya nzi kutoka kichakani hadi kwenye chakula. Hakuwapa saruji wala pesa. Kilichowasukuma ni kinyaa, na kutambua kwamba nyumba moja isiyo na choo inatosha kuwaletea wengine wote maradhi. Uganda iliipokea njia hiyo. Mfuko wa Usafi ulio chini ya Wizara ya Afya uliitumia kuanzia 2011, na baadaye ukafika West Nile, eneo lenye Arua na Koboko.

Inafaa, tena sana. Ila kinyaa kinamfanya mtu achimbe. Hakimfundishi kuchimba kwenye mchanga. Mwaka 2013 Plan International ilitoa utafiti kuhusu vijiji vya Uganda, Kenya, Ethiopia na Sierra Leone vilivyokwisha kutangazwa kuwa havina tena kinyesi nje. Kaya 87 katika kila 100 bado zilikuwa na choo. Vilipoongezwa vipimo vya mfuniko, usafi, maji na sabuni ya kunawia, zilizotimiza vyote hazikufika 10. Kwa hiyo wengi hawakurudi kichakani. Walibaki na choo cha kiwango walichomudu wenyewe, bila mtu wa kuwapandisha ngazi ya pili.

Mtu huyo ndiye anayekosekana. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wahudumu wa afya wa kijiji wanazijua nyumba zote, lakini wanajitolea; afisa afya anasubiri mafuta ya pikipiki. Ningeulizwa, pesa ya sherehe za kutangaza kijiji kisafi ningeinunulia mafuta hayo, na inayobaki ningemlipia fundi wa kijijini ajifunze kujengea shimo kwa matofali na kumimina sakafu ya zege.

Wakimbizi wa Sudan Kusini walipomiminika 2016, makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp huko West Nile yakajaa, ugumu ukaongezeka. Dharura haisubiri watu wahamasike: familia mpya hupewa sakafu ya plastiki bure, huku jirani mwenyeji, anayechota kwenye kisima kilekile, akiambiwa achimbe mwenyewe. Anauliza kwa nini, na ana haki. Sera ya Uganda inayotaka asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji ni jibu la maana, mradi ifike hadi kwenye choo cha bibi kizee asiyeweza kuinua sururu. Huyo hahitaji kuhamasishwa. Anahitaji vijana wa mtaa wamchimbie, na wamchimbie tena mvua zikilibomoa shimo.