Je, Nyota Njema Huonekana Asubuhi?

Wahenga wetu walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Huko Marekani kuna mchezo ambao kazi yake ni kuipima methali hiyo mwaka nenda mwaka rudi. Wanaoucheza hawagusi mpira wala hawavai njumu. Hukusanyika mezani, au siku hizi kwenye kompyuta, wakateua majina ya vijana wanaotoka vyuoni, kisha wakangoja miaka kadhaa waone kama walichota mchele au pumba.

Mpira wenyewe si kandanda tuliyoizoea hapa kwetu. Ni ule wa Kimarekani, ambao mpira wake umechongoka pande mbili, wachezaji huvaa helmeti, na mwenye mpira huangushwa chini kama katika raga. Lakini ligi ya kubuni si jambo geni kwa Wakenya wengi, maana wanaicheza kila wiki kwa kufuata Ligi Kuu ya Uingereza. Unachagua kikosi chako, na wachezaji hao wakifanya vyema uwanjani, wewe unahesabiwa pointi.

Wamarekani walianza zamani. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa katika timu ya Oakland Raiders, alikuwa safarini New York na wenzake, wakatunga kanuni za mchezo huo hotelini. Mwezi wa Agosti 1963 walikutana nyumbani kwake Oakland, California, wakagawana wachezaji kwa zamu. Ligi yao ilikuwa na timu nane tu, na mchezaji wa kwanza kabisa kuteuliwa alikuwa George Blanda.

LIGI YA KUDUMU

Katika ligi ya kawaida, msimu ukiisha vikosi huvunjwa na kila mtu huanza upya. Ligi ya kudumu haiko hivyo. Mchezaji uliyemteua ni wako mpaka umuuze, umwache, au mwenyewe astaafu. Kwa sababu hiyo, mwenye timu hatazami Jumapili ijayo peke yake. Hutazama miaka mitano au sita mbele, na macho yake huangukia chipukizi wa vyuo vikuu.

Kila mwezi wa Aprili timu 32 za ligi kuu ya Marekani, NFL, huteua wanachuo katika raundi saba. Timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hupewa zamu ya kwanza, ili wanyonge nao wapate kuinuka. Ligi za kubuni huiga utaratibu huo huo: uteuzi wa NFL ukishapita, marafiki nao hufanya wao, na aliyeshika mkia huanza. Zamu zenyewe huuzwa na kununuliwa. Mtu anaweza kuuza zamu yake ya mwaka kesho kutwa, hali jina la kijana atakayechaguliwa kwa zamu hiyo halijulikani bado!

Wengine hawana subira hata ya kungoja Aprili. Kanuni za NFL humtaka kijana amalize miaka mitatu tangu alipotoka sekondari kabla ya kuteuliwa. Ligi hizi humteua angali chuoni, pengine ana umri wa miaka 18 au 19. Hivyo kijana huamka asubuhi kwenda darasani, huku katika mji ambao hajawahi kuukanyaga kuna mtu asiyemjua anayemwita "mchezaji wangu".

Hesabu ya pointi ni nyepesi. Ligi nyingi hutoa pointi moja kwa kila yadi 10 alizokimbia mchezaji au alizopata kwa kupokea mpira, na sita akiufikisha katika eneo la mwisho la wapinzani. Kazi ngumu ni kumjua atakayezipata. Hapo wenye timu hupima umri wa kijana, uzani wake, kasi yake katika mbio za yadi 40, na sehemu aliyobeba katika mashambulizi ya chuo chake. Aidha hutazama ni timu gani imemchukua, kwani mbegu njema hufa kwenye mwamba. Wengi hupendelea wapokeaji wa mpira kuliko wakimbiaji, kwa kuwa mkimbiaji hupigwa kila anapougusa mpira na mwili wake huchakaa mapema.

Hata hivyo, wajuzi wenye mishahara hukosea mchana kweupe. Katika uteuzi wa kwanza wa NFL, mwaka 1936, wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hakucheza mechi hata moja ya kulipwa. Mwaka 2000 Tom Brady aliachwa hadi nambari 199, naye akaja kutwaa ubingwa mara saba. Mwaka 2020 Philadelphia Eagles walimchukua mpokeaji Jalen Reagor kwa nambari 21. Waliofuata, Minnesota Vikings, wakamchukua Justin Jefferson, ambaye msimu huo wa kwanza alipata yadi 1,400. Mwaka 2023 Puka Nacua alichaguliwa wa 177. Akapata yadi 1,486 na kuvunja rekodi ya wachezaji wapya iliyodumu tangu 1960.

Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia chuo cha huko wala uteuzi wa Aprili. Aliyekuwa akikodolea macho viwanja vya vyuo asingemwona kamwe.

Ndiyo sababu wakongwe wa mchezo huu hawaweki matumaini yote kwa kijana mmoja. Hukusanya zamu nyingi, wakijua kwamba wengi wa wateule wao hawatafika. Mtu anayekiri kuwa hajui hushinda mara nyingi kuliko anayejigamba.

GOTI LA NANI?

Lakini kuna jambo moja ambalo mahesabu hayo hulificha. Marcus Lattimore alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha South Carolina. Mwaka 2010, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikimbia yadi 1,197, na kila mtu alisema nyota imeonekana. Mwaka 2011 akaumia goti la kushoto. Akapona, akarudi. Oktoba 2012, siku mbili kabla hajatimiza miaka 21, goti la kulia likateguka na kano zake zikakatika. San Francisco 49ers walimteua mwaka 2013, lakini mwaka uliofuata alistaafu bila kucheza hata mechi moja ya NFL. Waliokuwa wamemteua katika ligi za kubuni walipoteza zamu moja. Yeye alipoteza goti na riziki aliyoitarajia.

Na wakati huo mwanachuo alikatazwa kupata malipo kwa jina lake. Waliokuwa wachezaji wa vyuo waliwahi kuzishtaki kampuni za michezo ya kubuni, wakidai zimetumia majina na takwimu zao bila idhini. Mwezi wa Oktoba 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la Indiana iliamua kwamba sheria ya jimbo hilo haikuvunjwa, kwa kuwa habari hizo zinauhusu umma. Afueni ilikuja Julai 2021, vyuo vilipoanza kuwaruhusu wanamichezo kupokea fedha kwa matangazo ya biashara.

Si kwamba mchezo huu ni mbaya. Umewaunganisha marafiki waliotawanywa na kazi na ndoa, na uteuzi wa kila mwaka huwapa sababu ya kutafutana. Tena huwafunza kungoja, jambo adimu siku hizi. Lakini anayeketi kuteua majina ya vijana afaa akumbuke kwamba kila jina lina mama yake anayeomba mwanawe atoke uwanjani akiwa mzima.

Methali ya wahenga haijavunjika. Nyota huonekana asubuhi, naam, ila asubuhi ya Brady ilikuja wakati wateuzi wengi walikuwa wameshafunga madirisha, na ya Lattimore ilifunikwa na wingu kabla jua halijapanda.