Ruzuku ya Tajiri, Kodi ya Jirani

Hakuna asiyependa kuona mji wake ukijengwa, na sisi pia twapenda. Lakini jengo likisimama kwa msaada wa umma, yatupasa tuulize ni nani aliyelipa. Swali hilo limeulizwa kwa ukali huko Chicago, Marekani.

Mwaka 1977 jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kuisaidia miji kufufua mitaa iliyochakaa, na Chicago ilianza kuitumia mwaka 1984. Mtaa huwekewa mpaka, na thamani ya majumba na viwanja vyake hufungwa pale ilipo kwa miaka 23. Kodi ya thamani hiyo ya kale huendelea kugawiwa shule, bustani za umma na baraza la mji. Bali kodi ya kila ongezeko hutiwa katika mfuko wa pekee, unaotumiwa kwa barabara na madaraja, na mara nyingi kuwarudishia wajenzi sehemu ya gharama zao.

Waweza kudhani hakuna aliyenyang'anywa kitu. La! Shule huchukua zaidi ya nusu ya kodi ya majumba ya Chicago, na mahitaji yao hayafungwi pamoja na thamani ya mtaa. Tuseme zatakiwa dola 1,000. Zikitolewa na nyumba 100 zilizo sawa, kila moja hutoa dola 10. Nyumba 20 mpya miongoni mwazo zikiwa ndani ya mpaka, hesabu hubaki kwa 80, na kila moja hutoa dola 12 na senti 50. Zile 20 hulipa kiasi hicho hicho, ila fedha zao haziendi shuleni.

Watetezi hujibu kwamba bila ruzuku nyumba hizo 20 zisingejengwa kabisa. Jibu hilo lina nguvu, na sheria yenyewe yataka hivyo. Basi tutazame Lincoln Yards. Mwezi Aprili 2019 madiwani waliidhinisha hadi dola bilioni 1.3, pamoja na riba, kwa mradi huo ulio kando ya mto, jirani na Lincoln Park, makao ya wenye mali. Sisi twaona vigumu kuuita ufukara. Na pamoja na ahadi yote hiyo, mradi ulikwama.

Mwaka 2024 baraza liliamua kukopa dola bilioni 1.25 kwa ajili ya makazi na biashara, na kulipa deni kwa kodi zinazorejea kadiri mipaka ya zamani inavyokoma.

Kwetu Tanzania chombo ni kingine. Sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje ilikuja na misamaha ya kodi na ushuru wa serikali za mitaa kwa miaka 10. Hatuipingi misamaha. Twataka tu diwani, kabla ya kuinua mkono, awekewe mezani hesabu ya fedha itakayokosekana kila mwaka, na jina la shule au zahanati itakayoikosa.