Kabla ya reli, alitangulia twiga

Ukimuuliza mkazi wa Mbebe, wilayani Ileje, Wachina walifika lini nchini, huenda akakuelekeza Tunduma, kwenye stesheni ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na wapo wazee wanaoikumbuka kazi ile.

Uhusiano wa pwani yetu na China ni wa kale zaidi.

Mwaka 1415, wajumbe kutoka Malindi walimfikishia Yongle, mfalme mkuu wa ukoo wa Ming, zawadi ya twiga. Wachina walikuwa na masimulizi ya mnyama wa heri aitwaye qilin, ambaye hujitokeza tu pale mtawala anapotenda haki. Walipomwona twiga, wakasema ndiye huyo, na mfalme mwenyewe akatoka hadi langoni kumpokea. Kisha akamwagiza jemadari wake Zheng He, Mwislamu mzaliwa wa Yunnan, awarudishe wageni kwao. Merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi katika safari ya mwaka 1417 hadi 1419. Baada ya mwaka 1433 safari hizo zilikoma.

Biashara ilikuwa imetangulia na haikukoma. Kilwa ilisafirisha dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu. Majahazi yakaenda na kusi, yakarudi na kaskazi, yakileta vyombo vya kauri vilivyopita mikono mingi kutoka China hadi bandari za India na Uarabuni. Mwaka 1945, huko Kajengwa, Unguja, ziliibuliwa sarafu za Kichina zipatazo 176, nyingi za enzi ya Song. Mwaka 2013, kisiwani Manda, Kenya, ikapatikana sarafu ya Yongle mwenyewe.

Waswahili hawakuviweka vyombo hivyo kabatini tu. Walivipachika ukutani, misikitini na makaburini. Makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, yana nguzo ndefu za mawe zilizopambwa kwa sahani za Kichina. Zitazame kwa karibu: mahali pengi palipokuwa na sahani pamebaki shimo la mviringo, maana zimeng'olewa.

Msafiri wa Tunduma anayeshuka Dar es Salaam hayuko mbali na Kunduchi. Apite awaonyeshe watoto. Wakiokota kigae chenye rangi, wakirudishe pale pale kilipokuwa.